Kaye ya Mgonjwa Mbele za Mungu

Masomo ya kusoma nyumbani: Isaya 38; Zaburi 88; 1 Timoteo 5:23; 2 Wakorinto 12:7-10

Tunawasalimu ninyi mlio kando ya radio, na ninyi mnaosoma karatasi hii kwa sababu betri iliisha katikati ya kipindi. Tunawasalimu hasa ninyi mlio kitandani. Neno la leo ni la watu ambao ugonjwa wao haukuisha juma lililopita na, kwa kadiri munganga anavyojua, hautaisha juma lijalo: mwenye sukari, mwenye tansio, mwenye kifafa, mwenye pumu, yule anayemeza ARV kila jioni kwa saa ileile. Na tutakaa zaidi kwa watoto na vijana wenye drepanositozi, wale tunaowaita SS, pamoja na mama zao ambao usiku wa krizi wanalala wakiwa wameketi.

Sisi tunaotayarisha mafundisho haya si wageni wa jambo hili. Kati yetu kuna wanaopima sukari kila asubuhi kabla ya sala, na kuna mzazi wa mtoto SS.

Tunaamini uponyaji. Tunaweka mikono juu ya wagonjwa, tunapaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na tumeona kwa macho yetu watu wakiinuka. Lakini kuna swali ambalo katika makanisa yetu hatupendi kuliuliza kwa sauti. Yule aliyeombewa, akafunga siku tatu, akakesha mpaka jogoo akawika, kisha akarudi nyumbani na ugonjwa wake uleule, ataishi namna gani kesho yake asubuhi, wengine wakienda kazini? Kwa usiku wa mkesha tuna maneno mengi. Kwa asubuhi ile tuna machache sana.

Mara nyingi tunachompa ni hiki: "Kiri uponyaji wako. Usitaje ugonjwa, ukiutaja unaupa nguvu." Basi anasimama mbele ya kanisa na kusema amepona, watu wanapiga makofi na vigelegele, na jioni anajificha nyuma ya nyumba ameze vidonge vyake watoto wasimwone. Au havimezi tena. Tangu siku ile ana maisha mawili, moja la kanisani na moja la chumbani, na kuyabeba yote mawili kunachosha kuliko ugonjwa wenyewe. Mwisho anaanza kumwambia hata Mungu yale anayoliambia kanisa. Maombi yake yanakauka. Anapiga magoti, maneno ni mazuri, lakini moyo wake haumo.

Mtu huyo leo tunataka kumwekea mkononi kitu kidogo: kaye na biki. Kaye ya shule, ile ya kurasa mia, inatosha. Lakini tukimwambia aandike ukweli wa ugonjwa wake, atatuuliza kama huko si kukosa imani. Kwa hiyo twende kwanza Efeso.

Katika Matendo 19 tunasoma kwamba kule Efeso Mungu alifanya kwa mikono ya Paulo miujiza isiyo ya kawaida. Leso na nguo zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa, nao wakapona. Mahubiri mengi juu ya leso yamehubiriwa kwetu, na leso nyingi zimeuzwa. Sasa fungueni 1 Timoteo 1:3. Paulo anamwomba Timoteo abaki wapi? Efeso. Mji uleule! Halafu katika sura ya tano, mstari wa 23, anamwandikia kijana huyo, mwanawe katika imani, juu ya tumbo lake na juu ya magonjwa yanayomrudia mara kwa mara. Hamtumii leso. Anamwambia asinywe maji tu, atumie na divai kidogo. Hiyo ilikuwa dawa ya wakati ule, na kipimo chake kimetajwa: kidogo. (Wale wanaotafuta hapa ruhusa ya pombe wasome tena polepole. Linalozungumzwa ni tumbo la Timoteo, si sherehe yake.)

Hatujamaliza. Katika 2 Timoteo 4:20 yuko mtu anaitwa Trofimo. Matendo 21:29 inatuambia kwamba huyu naye ni mwenyeji wa Efeso. Paulo anasema alimwacha Mileto, mgonjwa. Hakuongeza maelezo. Hakuandika kwamba imani ya Trofimo ilipungua, wala kwamba kuna dhambi iliyofichwa nyumbani kwao, wala kwamba mlango ulifunguliwa kwa shetani. Mtume ambaye nguo zake ziliponya watu aliandika kwamba rafiki yake amebaki nyuma kwa ugonjwa, akaendelea na barua yake. Mungu ni mmoja na mtume ni mmoja. Watu wa Efeso walipona kwa leso, mchungaji wa Efeso akapewa dawa, na mwana wa Efeso akaachwa kitandani katika mji mwingine. Roho Mtakatifu alitaka yote matatu yaandikwe, tuyasome.

Tunajua mtatuuliza juu ya mfalme Asa, katika 2 Mambo ya Nyakati 16, aliyewatafuta madaktari. Someni mstari wote. Kosa lake ni kwamba katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana. Timoteo alifanya yote mawili.

Sasa Hezekia. Isaya 38 inasema aliugua karibu kufa, akageuka upande wa ukuta, akaomba, akalia sana. Mungu akamwongezea miaka 15. Unabii umetoka, tena una hesabu ndani yake. Na baada ya unabii huo nabii mwenyewe anasema nini? Mstari wa 21: walete tini, waziweke juu ya jipu. Ahadi ya Mungu na dawa ya mti zilikaa katika chumba kimoja, wala hakuna iliyomfukuza mwenzake.

Lakini leo tunataka hasa mstari wa 9, ambao wengi tunaupita mbio. Unasema kwamba Hezekia, baada ya kuugua na kupona, aliandika. Mfalme alishika kalamu. Tungetegemea aanze na shukrani, si ndiyo? Ushuhuda wetu wa siku ya Yenga huanza hivyo. Yeye anaanza na machungu. Anaandika kwamba uhai wake uling'olewa kama hema ya mchungaji wa kondoo, kwamba alikatwa kama kitambaa kwenye mtambo wa mfumaji. Anaandika kwamba sauti yake ilikuwa kama ya ndege mdogo, na kwamba macho yalimchoka kwa kutazama juu. Shukrani inakuja, lakini inakuja nyuma. Na huyu tayari alikuwa amepona! Angeweza kuifuta ile sehemu ya kilio, ili watu wa Yerusalemu waone mfalme mwenye imani. Hakuifuta.

Na Zaburi 88 ni ya mtu ambaye hata hatuambiwi kama alipona. Inatajwa kwa jina la Hemani, Mwezrahi. Anasema ameteseka na kuwa karibu na kifo tangu ujana wake. Sikieni: tangu ujana. Huyo ni ndugu wa watoto wetu SS. Analia mchana, analia usiku, marafiki wamekaa mbali, na zaburi yake inakwisha gizani, bila haleluya. Zaburi nyingi zinaanza kwa kilio na kuisha kwa sifa, hii haifanyi hivyo. Waliokusanya kitabu cha Zaburi waliiona, wakaiacha ilivyo. Kwa hiyo, mama, usiku ule kaye yako ikiishia kwenye neno la giza, usiongeze "haleluya" kwa nguvu ili Mungu asikasirike. Ana zaburi ya namna hiyo katika kitabu chake.

Tushuke sasa kwenye damu, maana juu ya SS kumejengwa uongo mwingi. Daktari James Herrick wa Chicago aliuandika ugonjwa huu katika jarida la madaktari mwaka 1910, lakini katika Afrika mababu zetu waliujua zamani kwa kilio cha watoto wao. Kongo yetu, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya nchi ambako watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa nao. Chembe nyekundu za damu ya kawaida ni za duara, laini, zinapita katika mishipa midogo kama pirogi inavyopita kati ya majani ya ziwa. Za mtoto SS zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinashikana na kuziba njia. Pale zinapoziba ndipo panapouma: mifupa, kifua, tumbo. Krizi huletwa mara nyingi na baridi, na homa, na malaria, na kuchoka sana, na kukosa maji mwilini.

Mtoto anaupata kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba AS ni mzima, mama AS ni mzima, hakuna anayejua kitu. Kwa kila mimba yao, uwezekano wa kupata mtoto SS ni mmoja kwa nne. Si kwamba mtoto wa nne ndiye atakuwa SS. Kila mimba inaanza hesabu upya, na ndiyo sababu nyumba moja ina watoto wawili SS waliofuatana, na nyumba nyingine haina hata mmoja. Kipimo kinachoonyesha jambo hili kinaitwa elektroforezi. Vijana wanaopanga ndoa wakifanye mapema, kabla ya mahari. Kuvunja uchumba baada ya mahari kunaleta vita vya jamaa mbili, na sisi wachungaji na wazee ndio tunaoitwa usiku kuvipatanisha.

Kwa hiyo ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake, na hautoki kwa mchawi. Hapa lazima tuseme kwa uchungu. Mtoto anayelia usiku, macho yake manjano, tumbo limevimba, haongezeki kimo kama wenzake: ni wangapi kati ya hao wameitwa ndoki? Na ni wangapi wameitwa hivyo ndani ya chumba cha maombi? Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inatoa adhabu. Ni haya kubwa kwamba serikali ilibidi itukumbushe jambo hilo sisi tunaomhubiri Yesu aliyewachukua watoto mikononi mwake.

Hapo kaye inaanza kufanya kazi yake. Mama anaandika tarehe na saa krizi ilipoanza, mahali palipouma, kama kulikuwa na homa, mtoto alikunywa maji kiasi gani siku ile, kama mvua ilinyesha, alicheza wapi. Mistari mitatu tu. Miezi mitatu ikipita, anaketi na muuguzi wa kituo cha afya, wanasoma pamoja. Pengine ataona: krizi hii ilikuja siku mtoto aliponyeshewa akitoka shule. Hii ilikuja pamoja na malaria. Hii ilikuja baada ya mpira wa jua kali bila kunywa maji. Na yule nyanya wa kijijini, ambaye jamaa yote ilikuwa inamtazama kwa jicho baya, alikuja mara mbili katika miezi hiyo, na mara zote mbili mtoto alikuwa mzima, anakula. Kaye imemsafisha mzee asiye na kosa. Tena imempa mama kazi ya kufanya: chupa ya maji katika mfuko wa shule, sweta, chandarua, na kwenda hospitali haraka homa inapopanda. Munganga naye ana dawa za kusaidia, kama asidi foliki na hidroksiyurea, na mama mwenye kaye anaweza kumwonyesha kama krizi zimepungua tangu dawa ilipoanza, au hazikupungua.

Ni vilevile kwa wengine. Mwenye sukari anaandika kipimo cha asubuhi na alichokula jana yake. Mwenye tansio anaandika namba zake mbili, kwa maana tansio haiumi, na kwa kuwa haiumi mtu anasema amepona. Mwenye kifafa anaandika siku ya kuanguka na kama alimeza dawa yake. Na hapa tunasema kwa sauti ya juu: mtu yeyote asiache insulini, asiache dawa ya kifafa, asiache ARV kwa sababu ameombewa. Kukata dawa ya kifafa ghafula kunaweza kuleta kuanguka mfululizo kunakoua. Mwenye sukari ambaye mwili wake hautengenezi insulini akiikosa hupotea katika siku chache. Shetani alimpeleka Yesu juu ya hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamshika, tena alimnukulia maandiko. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Anayekuambia tupa dawa yako uonyeshe imani, amekupandisha juu ya hekalu lilelile. Bwana akikuponya, kipimo kitaonyesha, na munganga mwenyewe ndiye atakayepunguza dawa. Wenye ukoma waliotakaswa walitumwa wajionyeshe kwa kuhani.

Tena sisi wa Kivu tunajua kukimbia. Mtu anatoka na mtoto mgongoni na godoro kichwani, fishi yake inabaki hospitalini, na hospitali inabaki nyuma. Anafika mahali pageni, muuguzi anamwuliza: "Unakunywa dawa gani?" Anajibu: "Vile vidonge vyeupe, vidogo." Wapendwa, vidonge vyeupe ni vingi! Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza andikeni jina la ugonjwa, jina la dawa, miligramu, mara ngapi kwa siku, na dawa ambayo mwili wako unaikataa. Kaye iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na Biblia, mahali ambapo mkono utafika gizani. Na kama ya kwanza imepotea au imeungua na nyumba, kumbukeni Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alikata kitabu cha Yeremia kwa kisu akakitupa motoni. Yeremia akachukua gombo jingine, akampa Baruku, naye akaandika tena yote, na maneno mengine mengi yakaongezwa.

Sasa geuzeni kaye. Tunamaanisha hivyo: igeuze, uanze kutoka nyuma. Mbele ni ya mwili, utamwonyesha munganga. Nyuma ni ya wewe na Mungu wako, na hapo hakuna munganga wala mchungaji wala mume anayesoma bila ruhusa. Hapo unaandika usichoweza kusema kwenye mkutano wa maombi. Kwamba unaona wivu ukiona watoto wa jirani wanakimbia. Kwamba umechoka kuwa mtu wa kuombewa kila mara. Kwamba unaogopa. Kwamba umemkasirikia Mungu, ndiyo, hata hilo. Ayubu alilisema, na mwishoni Mungu aliwakemea rafiki zake, si yeye. Ayubu huyo, katika sura ya 19, alitamani maneno yake yaandikwe kitabuni.

Wataalamu wa afya nao wamelichunguza jambo hili. Huko Marekani watafiti waliwachukua wagonjwa 112, wenye pumu na wenye ugonjwa wa viungo unaovimbisha mikono, wakatoa matokeo yao mwaka 1999. Baadhi waliambiwa waandike juu ya jambo zito zaidi lililowapata maishani, dakika 20 kwa siku, siku tatu mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, mipango ya siku. Baada ya miezi minne, karibu nusu ya wale walioandika uchungu wao walikuwa na nafuu iliyoonekana kwa vipimo. Kwa wale wengine ilikuwa kama robo. Uchunguzi mwingine uliofuata haukutoa matokeo makubwa hivyo kila mara, basi asitokee mtu kuhubiri kwamba kaye inaponya pumu. Dawa ni dawa. Kaye inatua mzigo, na mwili ulioishi na mzigo unajua tofauti.

Usihangaike na mwandiko wala herufi kubwa na ndogo. Andika Kiswahili, Mashi, Kihunde, Kifaransa kibovu, lugha ile unayolilia. Ukitaka kuchana ukurasa na kuuchoma, choma. Kuna mtu ambaye kuandika kunamwongezea uzito badala ya kuupunguza: huyo aache, atafute mtu wa kuongea naye. Na ikiwa kalamu yako inaandika kwamba ni afadhali ufe, usifunge kaye ukalala na neno hilo peke yako. Amsha mtu leo hii. Eliya alimwomba Mungu afe, na Mungu alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale. Mahubiri hayakuwa ya kwanza.

Asiyejua kuandika hakuachwa nje. Barua kwa Warumi iliandikwa na mkono wa mtu anaitwa Tertio, Paulo akisema na yeye akiandika. Tertio anajitaja mwenyewe katika sura ya 16. Kila nyumba yetu ina Tertio wa darasa la sita. Mtoto aandike sehemu ya mwili, yaani dawa na tarehe. Sehemu ya uchungu msimpe mtoto aibebe. Hiyo mama aiseme kwa rafiki wa siri, au aiseme katika simu inayoshika sauti. Na tazameni Wagalatia 6:11, pale Paulo anapochukua kalamu mwenyewe na kuonyesha herufi zake zilivyo kubwa. Katika sura ya nne ya barua ileile amewakumbusha kwamba aliwahubiria mara ya kwanza kwa sababu ya ugonjwa wa mwili. Kama herufi kubwa zilitokana na macho mabovu hatuambiwi. Herufi zilikuwa kubwa, barua ikafika.

Huyu Paulo alihesabu maombi yake. Mara tatu alimwomba Bwana amwondolee mwiba, ndivyo alivyowaandikia Wakorinto. Jibu halikuwa lile alilolitaka. Aliambiwa kwamba neema ya Bwana inamtosha. Biblia haisemi mwiba ulikuwa nini. Lakini fikirini kama angeona haya kuandika kwamba aliomba na mwiba ukabaki. Fikirini kama angeandika leso tu. Leo usiku, mama wa mtoto SS angefungua ukurasa gani?

Kuna mwanamke Mwingereza, Charlotte Elliott, aliyezaliwa mwaka 1789. Alipopita kidogo miaka 30 afya yake ilivunjika, na hakuwa mzima tena mpaka alipofariki mwaka 1871. Katika mji wa Brighton jamaa yake ilikuwa inatayarisha uuzaji wa vitu ili kupata fedha za shule ya mabinti wa wachungaji. Nyumba yote inafanya kazi ya Mungu, yeye amelala. Usiku hakupata usingizi kwa wazo kwamba hafai kitu. Ninyi mliolala ndani wakati kwaya inafanya mazoezi, mnalijua wazo hilo. Kesho yake, wote wakiwa wametoka, alichukua kalamu akajiandikia mwenyewe sababu za kumwendea Yesu jinsi alivyo. Ndio ule wimbo unaoimbwa wakati wa mwito, katika lugha nyingi za dunia. Inasimuliwa kwamba kaka yake, aliyekuwa mchungaji, alisema wimbo ule mmoja ulizaa kuliko miaka yake mingi ya mahubiri. Charlotte hakuandika ili uimbwe hivyo. Aliandika ili apite siku ile.

Kwa wachungaji, mashemasi na mama wa kundi la maombi tuna maneno mawili tu. Katika saa ya ushuhuda, mpeni nafasi pia yule ambaye bado anaugua. Aseme: "Juma hili nilikuwa na krizi mara mbili, na Bwana alikuwa pamoja nami, na bado ninaumwa." Kanisa liseme amina kwa nguvu ileile, na asiwepo wa kumsahihisha. Na mkiwatembelea wagonjwa, nendeni na kaye mpya na biki pamoja na ndizi na sabuni. Bei yake ni ndogo kuliko ndizi.

Tuombe.

Bwana, yuko mtoto ambaye usiku wa leo miguu itamwuma, na mama yake atatafuta maji ya moto gizani. Kaa katika chumba kile mpaka asubuhi. Yuko baba ambaye insulini yake imebaki ya siku mbili na barabara imefungwa. Fungua barabara, Bwana. Yuko binti ameketi na kaye yenye ukurasa mweupe, hajui aanze na neno gani, anaogopa kwamba utakasirika. Mwambie aanze. Kwa jina la Yesu, amina.